Shaba na Alumini Katika Nyaya za Ndege

Kiwanja cha ndege cha Kanombe, mjini Kigali, kipo katika kimo cha karibu mita 1,490 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani, mabawa ya ndege hupata egemeo dogo, na injini hutoa nguvu pungufu. Kwa sababu hiyo, ingawa njia ya kurukia ina urefu wa mita 3,500, ndege nzito inayoondoka hapo huenda ikalazimika kuacha sehemu ya mzigo ambao ingeweza kuubeba bila taabu kutoka Dar es Salaam au Mombasa. Kila kilo iliyomo katika mwili wa ndege yenyewe ni kilo inayokosekana katika abiria, mizigo au mafuta.

Hapo ndipo ulipoanzia mjadala uliowashughulisha wahandisi kwa miaka mingi. Mjadala huo unawahusu pia askari wa jeshi na polisi wa Rwanda, ambao mara nyingi husafirishwa kwa ndege za abiria za RwandAir wanapokwenda kulinda amani katika Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Swali ni hili: je, nyaya za umeme zilizofichwa nyuma ya kuta na chini ya sakafu za ndege ziwe za shaba, kama ilivyokuwa desturi tangu zamani, au ziwe za alumini? Na ikiwa ni za alumini, je, msafiri yu salama?

Faida ya alumini ni uzito wake. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu gramu 9, na ya alumini gramu 2.7 tu. Ni kweli kwamba alumini haipitishi umeme vizuri kama shaba. Uwezo wake ni kama asilimia 61. Kwa hiyo waya wa alumini hauna budi kuwa mnene zaidi, mara 1.6 hivi kwa eneo la mkato wake, ili uchukue kazi ile ile. Hata hivyo, baada ya kuongezewa unene huo, bado una uzito wa nusu tu ya waya wa shaba. Katika ndege kubwa ya Airbus A380, ambayo nyaya zake zikinyooshwa hupita kilomita 500, nusu hiyo si jambo dogo.

Alumini si mgeni katika kazi ya umeme. Nyaya kubwa zinazopita juu ya vilima kutoka nguzo hadi nguzo, karibu katika nchi zote za dunia, ni za alumini iliyosokotwa juu ya uti wa chuma, na hakuna anayeziogopa kwa sababu ya madini yake. Shida ya alumini haimo katikati ya waya. Imo mwishoni, pale unapoungwa na kitu kingine.

Dereva yeyote wa gari la jeshi ameuona ukoga unaoota katika vichwa vya betri. Gari haliwaki, na fundi akikwangua ule unga, gari huwaka. Alumini hufanya ukoga wake mara tu inapoguswa na hewa, na ukoga huo, ingawa ni mwembamba mno hata hauonekani kwa macho, haupitishi umeme. Zaidi ya hayo, alumini ikibanwa kwa skrubu hulegea polepole kadiri siku zinavyopita, na ikipata moto hutanuka kuliko shaba. Ikigusana na shaba mahali penye unyevu, huliwa. Basi kiungo kilichokuwa imara leo huweza kulegea baada ya miaka michache. Kikilegea hupata joto, na joto hilo huzidi kukilegeza.

Wamarekani walilijifunza jambo hili kwa hasara. Kati ya miaka ya 1965 na 1973, bei ya shaba ilipokuwa juu, nyumba nyingi za nchi hiyo zilitiwa nyaya za alumini, na mafundi wakaziunga kwa vifaa vile vile walivyozoea kuungia shaba. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ulionyesha kwamba viungo katika nyumba za alumini zilizojengwa kabla ya 1972 vilikuwa na uwezekano mara 55 zaidi wa kufikia joto la kuhatarisha nyumba kuliko vile vya nyumba za shaba. Kosa halikuwa la alumini peke yake; alumini ilitendewa kana kwamba ni shaba.

Watengenezaji wa ndege hawakuruhusiwa kulirudia kosa hilo. Miongozo ya usafiri wa anga ya Marekani imeonya kwa muda mrefu dhidi ya kutumia nyaya za alumini katika vifaa vilivyofungwa kwenye injini, mahali penye mtikisiko mkali, penye mvuke unaokula madini, au panapohitaji kufunguliwa na kufungwa mara kwa mara. Nyaya za alumini katika ndege za kisasa kama A380 zimevikwa utando wa shaba na wa nikeli ili ukoga usipate nafasi. Kiungo chake hubanwa kwa koleo maalumu la kazi hiyo, wala si kwa koleo lolote lililo karibu. Fundi anayemenya ganda la waya huo hana ruhusa ya kuukwaruza hata kidogo, kwa maana alumini iliyokwaruzwa hukatika kwa mtikisiko.

Hata kuukunja kuna sheria yake. Mwaka 2006 mafungu ya nyaya yaliyotayarishwa Hamburg, Ujerumani, yalifikishwa Toulouse, Ufaransa, yakaonekana hayatoshi ndani ya A380. Wahandisi wa miji hiyo miwili walikuwa wamechora kwa matoleo tofauti ya programu moja ya kompyuta, na hesabu za kona ambazo waya wa alumini unaweza kukunjwa hazikulingana. Ndege hiyo ilichelewa kwa karibu miaka miwili. Shirika la Singapore Airlines liliianzisha kazini Oktoba 2007.

Je, shaba ni kinga? La. Tarehe 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair aina ya MD-11 ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, wakafa watu wote 229. Miongoni mwao alikuwa Dakta Jonathan Mann, aliyeongoza utafiti wa ukimwi mjini Kinshasa katika miaka ya 1980. Wachunguzi walikuta alama za cheche katika nyaya za mtambo wa burudani za abiria, nyaya za shaba, na kitambaa cha kuzuia baridi kilichokuwa karibu nazo kilishika moto. Tarehe 12 Julai 2013, Boeing 787 ya Ethiopian Airlines iliyoegeshwa Heathrow, London, bila mtu ndani, iliungua sehemu ya juu ya mwili wake, karibu na mkia. Kisa chake kilikuwa nyaya mbili ndogo zilizobanwa chini ya kifuniko cha betri ya redio ya dharura.

Katika visa hivyo viwili, ganda la waya na mkono uliouweka ndivyo vilivyokuwa na neno, si aina ya madini. Na Kigali yenyewe haikuhitaji waya ili kuonja ubaya wa kitu kidogo kilicholegea. Tarehe 12 Novemba 2009 ndege ya CRJ-100 ya kampuni ya JetLink, iliyokuwa ikisafiri kwa niaba ya RwandAir kwenda Entebbe, ilirudi Kanombe baada ya injini ya kushoto kukataa kupunguzwa nguvu, ikagonga jengo la wageni mashuhuri. Abiria mmoja alifariki. Kipande kidogo cha chuma kilicholegea ndicho kilichokuwa kimekwamisha.

Hapa kazi ya polisi inaingia. Alumini huyeyuka kwa nyuzijoto 660, shaba kwa 1,085. Katika mabaki yaliyoungua, nyaya za alumini huenda zikawa zimetoweka zote, nazo za shaba zimebaki na vishanga vidogo mahali cheche iliporuka. Kutoweka kwa alumini hakuthibitishi kwamba moto ulianzia humo, na kishanga kimoja cha shaba huweza kuwaonyesha wachunguzi mahali pa kuanza kutafuta. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinaitaka nchi ambamo ajali imetokea iulinde ushahidi huo. Shaba ina bei kwa wanunuzi wa chakavu, na askari wa zamu ndiye anayesimama kati yao na mabaki usiku wa kwanza, kabla wachunguzi hawajawasili.