Chemsha Jiwe, Puuza Jeraha: Mashauri Mawili Yanayowadhuru Wafugaji Wapya wa Matumbawe

Kufuga samaki wa baharini pamoja na matumbawe ndani ya tangi la kioo ni burudani iliyoenea sana Ulaya na Marekani, na baadhi ya samaki wanaopamba matangi hayo huvuliwa katika pwani ya Kenya. Anayeanza kufuga hupokea ushauri mwingi kutoka kwa wauzaji na wafugaji waliomtangulia. Shabaha ya ushauri huo kwa kawaida ni moja: tangi listawi. Ni nadra anayeshauri kujiuliza mapafu, macho na mikono ya mfugaji vitapatwa na nini. Makala haya yanaeleza mashauri mawili yanayoweza kumfikisha mtu hospitalini, na namna ya kuyatambua madhara yake.

Ushauri wa kwanza: "Chemsha jiwe"

Tangi la matumbawe huhitaji mawe yenye vinyweleo vingi, ambamo huishi bakteria wanaobadilisha amonia itokanayo na kinyesi cha samaki kuwa kemikali zisizo na madhara makubwa. Mara nyingi juu ya mawe hayo huwapo viumbe wa jamii ya matumbawe waitwao zoanthidi. Ni wadogo, wenye umbo la kifungo cha nguo na rangi za kuvutia, nao huzaliana haraka hadi kuwafunika viumbe wengine. Mfugaji mpya anapolalamika, huambiwa alitoe jiwe, alimwagie maji yanayochemka au alisugue kwa burashi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Baadhi ya zoanthidi, hasa wa jenasi ya *Palythoa*, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazotokana na viumbe hai. Sumu hii ilitengwa kwa mara ya kwanza kutoka kwa viumbe wa visiwa vya Hawaii, na matokeo yakachapishwa mwaka 1971. Kuchemsha hakuiharibu, badala yake, mvuke huibeba hadi kwenye pua na mapafu ya aliye karibu. Kusugua nako hurusha matone yanayoweza kuingia machoni na kuidhuru konea.

Ili kuelewa ukali wake, tukumbuke kwamba kila seli ya mwili ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Palitoksini hujishika kwenye pampu hiyo na kuigeuza kuwa mlango ulioachwa wazi. Sodiamu huingia kwa wingi, potasiamu huvuja, na kalsiamu nayo hupanda ndani ya seli. Misuli hukaza na kuharibika, mishipa ya damu hujibana, na mapigo ya moyo huweza kuvurugika.

Matukio ya kweli yapo. Mwaka 2007 mfugaji mmoja nchini Marekani aliwamwagia zoanthidi maji yanayochemka, akapata shida kubwa ya kupumua. Wataalamu walipowapima viumbe hao pamoja na wengine walionunuliwa madukani, waligundua kwamba baadhi walikuwa na sumu nyingi na wengine hawakuwa nayo kabisa. Huko Alaska, mamlaka za afya zilichunguza matukio ya aina hiyo madukani na majumbani kati ya mwaka 2012 na 2014. Machi 2018, katika kijiji cha Steventon nchini Uingereza, watu kumi walipelekwa hospitalini baada ya matumbawe ya tangi la nyumbani kusafishwa. Wanne kati yao walikuwa wazimamoto waliokuja kutoa msaada.

Matokeo ya vipimo vile yanatueleza pia kwa nini ushauri huu mbaya haufi. Macho hayawezi kutofautisha zoanthidi mwenye sumu na asiye nayo. Aliyechemsha mawe ya wasio na sumu akabaki salama huamini kwamba njia yake ni nzuri, naye humfundisha mwenzake.

Ushauri wa pili: "Mkwaruzo mdogo hauna neno"

Mfugaji huingiza mikono tangini mara kwa mara, na mawe humkwaruza. Kupitia mkwaruzo huo huweza kuingia *Mycobacterium marinum*, bakteria wa ukoo mmoja na wa kifua kikuu, aliyeelezwa mwaka 1926 kutoka kwa samaki wa tangi la maonyesho huko Philadelphia. Wiki kadhaa baadaye hutokea kinundu kidoleni au mkononi, ambacho huweza kuwa kidonda na kufuatiwa na vingine vilivyojipanga kuelekea kwenye kiwiko. Antibiotiki za kawaida kama amoksisilini hazisaidii. Bakteria huyu hustawi kwenye joto la takriban nyuzi 30, ndiyo maana hushambulia zaidi mikono kuliko viungo vya ndani.

Kwa mfugaji

Usichemshe jiwe lenye zoanthidi, usilikaushe kwa moto, wala usilisugue au kulipiga maji ya kasi. Ukilazimika kulitoa, litie katika chombo chenye kifuniko likiwa bado ndani ya maji, huku umevaa glavu, miwani ya kinga na barakoa, na watoto wakiwa mbali. Mwenye jeraha mkononi asiingize mkono tangini. Na kila aliyeingiza anawe kwa sabuni. Usivute maji ya tangi kwa mdomo kupitia mpira.

Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, kikohozi, kubanwa kifua, homa, ganzi au maumivu ya misuli baada ya kushughulikia tangi, toka nje pamoja na wote waliomo. Sumu ikigusa jicho au ngozi, osha kwa maji safi mengi. Nenda hospitalini mara moja, na useme wazi ulichokuwa ukifanya.

Kwa mtoa huduma

Homa na maumivu ya mwili hutufanya tufikirie malaria, mafua au nimonia, na ni haki kuvipima. Lakini wanakaya kadhaa wakiugua ndani ya saa chache, uliza kama kuna tangi la matumbawe nyumbani. Palitoksini haina kiuasumu. Mpe mgonjwa oksijeni na dawa za kufungua njia za hewa inapohitajika. Pima potasiamu, utendaji wa figo, kimeng'enya cha misuli (CK) na umeme wa moyo. Kisha umweke chini ya uangalizi.

Kwa kinundu cha mkononi kisichopona, chukua kipande cha nyama kwa uchunguzi. Darubini peke yake haimtofautishi bakteria huyu na yule wa kifua kikuu. Kwa hiyo iarifu maabara mapema, ili sampuli ioteshwe pia kwenye joto la nyuzi 30. Bila taarifa hiyo, sampuli ikioteshwa kwenye nyuzi 37 tu huenda isioteshe kitu, na mgonjwa akaendelea kuzunguka na kidonda kisicho na jina. Tiba yake huchukua miezi kadhaa, kwa kawaida kwa dawa mbili kama klarithromaisini na ethambutoli, na huendelea kwa mwezi mmoja au miwili baada ya vidonda kupona.