Mpira wa Pwani

Watu wengi wakishika gazeti huanza na picha za kuchekesha, kisha huona haya kusema hivyo, kana kwamba picha hizo ni za watoto wadogo tu. Haya hiyo haina sababu. Natutazame mfano mmoja wa Marekani.

Charles Schulz alianza kuchora katuni yake, Peanuts, mwaka wa 1950, akaendelea nayo kwa karibu miaka 50. Watu wake ni watoto, na mkubwa wao ni Charlie Brown, mvulana asiye na bahati katika jambo lo lote. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtoto mweusi hata mmoja kati yao.

Tarehe 4 Aprili, 1968, Dk. Martin Luther King aliuawa kwa risasi mjini Memphis. Siku 11 baadaye mwalimu mmoja wa California, Harriet Glickman, alimwandikia Schulz na kumwomba amtie mtoto mweusi katika katuni yake. Schulz alijibu kwamba angependa, lakini alichelea watu weusi wasije wakaona kwamba awafanyia wema wa kuwadharau. Bibi huyo hakukata tamaa. Aliwaomba rafiki zake weusi wamwandikie Schulz wenyewe.

Basi tarehe 31 Julai, 1968, wasomaji walimwona Charlie Brown pwani. Mpira wake umetupwa baharini, na mvulana mweusi, Franklin, amrudishia. Kisha wajenga ngome ya mchanga pamoja. Hakuna atajaye rangi. Asiyejua historia atafunua ukurasa na kupita. Lakini huko Biloxi, katika jimbo la Mississippi, watu weusi walioingia pwani mwaka wa 1960 walipigwa kwa fimbo na minyororo, kwa kuwa pwani ile ilihesabiwa kuwa ya Wazungu. Ajuaye hayo hautazami tena mpira ule kama mchezo tu.

Franklin asema baba yake yuko vitani Vietnam. Charlie Brown ajibu kwamba wake ni kinyozi, naye alipigana, ila hajui vita gani. Twacheka, lakini ni wangapi kwetu wawezao kusema babu zao walipigana wapi?

Wako walalamikao kwamba Franklin ni mwema kupita kiasi, na nadhani wana haki, maana wenzake twawapenda kwa kasoro zao.

Baadaye Schulz alimchora Franklin darasani pamoja na watoto wa Kizungu. Mahakama Kuu ilikuwa imekataza shule za kubaguana tangu 1954, lakini majimbo ya Kusini yalikuwa yakivuta miguu. Mhariri mmoja wa huko alimwandikia Schulz kwamba mtoto mweusi si kitu, ila asiwaonyeshe tena wakiwa shuleni pamoja. Schulz hakumjibu. Franklin alibaki katika kiti chake, mbele ya Peppermint Patty.