Kabla ya Kunyunyiza Dawa, Geuza Jani

Kaskazi inapovuma na jua kukausha nyua zetu huku Pwani, mawaridi na asumini za barazani huanza kupauka. Majani hupata vidoadoa vya manjano, hukunjamana, kisha hupukutika. Aghalabu mwenye nyumba hudhani ni kiu, au ni jicho la hasidi. Kumbe mharibifu amejificha upande wa chini wa jani. Naye ni utitiri.

Wataalamu hawamhesabu kiumbe huyu miongoni mwa wadudu, bali ni jamaa wa buibui na kupe. Aliyekomaa ana miguu minane, na urefu wake haufiki nusu milimita. Hufyonza maji ya uhai wa jani, na wakizidi hufuma utando mwembamba kati ya vijitawi. Joto, ukavu na vumbi huwafaa mno: katika siku za jua kali yai huweza kuwa utitiri kamili kwa wiki moja au mbili, na jike mmoja huweza kutaga zaidi ya mayai mia.

Barazani hasara ni ua. Shambani hasara ni chakula. Tuwatazame ndugu zetu wa Port Victoria, huko Bunyala katika kaunti ya Busia, kando ya Ziwa Victoria. Katika nyumba nyingi za upande ule, ugali husongwa kwa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi, na muhogo ulio ardhini ndio akiba ya familia mvua inapokawia.

Mwaka 1971 utitiri wa kijani wa muhogo ulionekana nchini Uganda, na hapo ndipo ulipojulikana kwanza barani Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, ulikotoka muhogo wenyewe. Muhogo ulitangulia kwa karne kadhaa. Utitiri ukafuata, lakini viumbe wanaoula huko kwao hawakuja nao. Ukaenea kwa upepo na kwa pingili zinazobebwa na watu. Busia na Malaba kuna forodha, ila ni nani atakayekagua pingili chache ambazo mtu amepewa na shemeji yake wa ng'ambo? Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, utitiri mwekundu wa nyanya, nao wa asili ya Amerika ya Kusini, ukatambuliwa nchini Kenya. Huu hushambulia nyanya, na hupenda pia mnavu.

Hapa ndipo wengi wetu hukimbilia duka la dawa za kilimo. Tunawasihi wasomaji wasiharakishe. Dawa nyingi za kuua wadudu haziuwezi utitiri, ilhali huwaua wale wanaoula. Mwenye shamba hunyunyiza Jumatatu, na baada ya majuma machache huona utitiri umeongezeka kuliko kwanza. Tena majani ya muhogo ndiyo kisamvu chetu: sumu iliyomwagwa juu yake leo huweza kuingia chunguni kesho, na watoto ndio wa mwanzo kudhurika.

Muhogo haukuokolewa kwa sumu. Watafiti wa IITA walimleta kutoka Brazil utitiri mwingine, mla utitiri, aitwaye Typhlodromalus aripo, wakamwachia nchini Benin mwaka 1993. Kisha akaenezwa katika nchi nyingi za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Mchana hukaa katika ncha changa ya mmea, na usiku hushuka majanini kuwinda. Hupendelea aina za muhogo zenye vinyweleo nchani. Kwa hiyo, mama anapochuma kisamvu, ni busara aiache mimea kadhaa na ncha zake, kwani humo ndimo anamolala mlinzi wa shamba.

Kwa mimea ya nyumbani, taratibu ni nyepesi. Geuza jani, ulikung'ute juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vidoa vinatembea, umeujua ugonjwa. Uitenge chombo yenye mmea huo na nyingine. Kila asubuhi baada ya Alfajiri, rushia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani. Usipopungua, changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye majani machache, kisha nyunyiza wakati jua halijapanda. Sabuni ya unga huunguza majani, iepukwe. Mafuta ya mwarobaini nayo husaidia. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba, mara tatu, kwa kuwa mayai husalimika na kuanguliwa baadaye. Majani yaliyokwisha kuharibika yachomwe. Mnavu unaojiotea kando ya nyanya ung'olewe, na mbolea ya chumvichumvi isizidishwe, maana majani teketeke ndiyo karamu ya utitiri.

Na anayempelekea ndugu yake pingili, iwe Bunyala au Kilifi, azikate katika mashina yaliyokomaa yenye afya, aondoe majani yote na ncha changa, azikague, ndipo azifunge safari.