Skrini Ikiteleza, Pesa Bado Iko Njiani

Umegusa "Lipa" kwenye mashine ya kaunta, na ukurasa wa zamani unateleza kando taratibu ndipo ule wa PIN uingie. Ni urembo, ndio, lakini una kazi. Unakuonyesha kwamba mguso wako umepokelewa, kwa hivyo tulia.

Mwendo huo si rahisi kwa mashine ndogo. Chukua skrini ya nukta 320 kwa 240, kila nukta baiti 2: picha moja tu ni baiti 153,600. Ili mwendo uwe laini kabisa, picha zibadilike mara 60 kwa sekunde, yaani zaidi ya megabaiti 9. Waya moja ya data ya kwenda kwenye skrini, ikikimbia megahezi 40, hupitisha megabaiti 5 pekee. Ndiyo maana zingine zinakwamakwama. Mafundi wazuri hupunguza mbwembwe: wanasogeza kipande kidogo cha skrini na kuacha kingine kimetulia. Sisi tungependa wote wafanye hivyo.

Kukwama huko kunaweza kukugharimu. Skrini ikiganda, kidole kinawasha, unabonyeza tena. Mashine iliyotengenezwa vizuri hupuuza mguso mpaka ukurasa utulie. Isiyofanya hivyo inaweza kuupeleka mguso wa pili kwenye kitufe cha ukurasa unaofuata, na pengine kitufe hicho ni "Thibitisha", hata kiasi hujakisoma. Gusa mara moja, ngoja ukurasa usimame, soma kiasi, ndipo uweke PIN.

Halafu kuna kile kiduara kinachozunguka. Wengi hudhani kikizunguka basi mtandao unafanya kazi. La! Kiduara kinachorwa na mashine yenyewe, na kinaweza kuendelea kuzunguka hata mtandao ukiwa umekatika kitambo. Hata tiki ya kijani inayoruka kwa madaha ni mchoro tu, na mtu anaweza kuichora kwenye simu yoyote. (Wenye maduka, hapo mtuelewe vizuri: msitoe mzigo kwa sababu ya tiki iliyo kwenye simu ya mteja.)

Kiduara kikikawia, usirudie malipo. Angalia kwanza ujumbe wa kuthibitisha na salio lako. Kama pesa imeshatoka, mpe mhudumu namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe huo, naye aitafute kwenye taarifa za till yake, si kwenye skrini inayozunguka.