Fimbo ya Musa Katika Mchezo wa Dadu

Asimamaye zamu katika daraja la Rusizi, chini ya mji wa Kamembe, huiona Bukavu kwa macho yake mwenyewe. Mto ni mwembamba, na Kiswahili husikika kando zote mbili. Ng'ambo ile, mwezi wa Agosti 1964, wapiganaji wa Simba waliushambulia mji huo wakiamini kwamba dawa waliyopewa na waganga wao itazigeuza risasi kuwa maji. Kanali Léonard Mulamba na askari wake waliuhami mji, na shambulio likavunjika. Dawa ile ilikuwa na miiko mingi, na kila aliyekufa alisemwa kuwa amevunja mmoja wapo. Kanuni ya namna hiyo haiwezi kukanushwa kamwe, kwa kuwa shahidi wake wa pekee ni maiti. Imani yenyewe haikuzikwa mwaka ule. Wapiganaji wa Kivu waitwao Mai-Mai wamelipata jina lao katika maji hayo hayo.

Tumeanzia hapo kwa makusudi, maana jambo tunalotaka kulijadili, likitazamwa juu juu, ni la mchezo tu. Mtu akitunga mchezo wa vita vya zama za kale, wenye mashujaa, wachawi na majini, nguvu takatifu za Uislamu na za dini ya Kiyahudi azionyeshe namna gani? Wapo watakaocheka. Lakini askari asiharakishe kucheka, kwa sababu mchezo wa aina hii asili yake ni kambini.

Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilipokea mchezo uliotengenezwa na watu wawili wa ukoo wa von Reisswitz, baba na mwana. Palikuwa na ramani, vipande vya kuonyesha vikosi, dadu za kuamua bahati ya vita, na mwamuzi aliyejua yale ambayo kila upande haukuyajua. Ofisa yeyote aliyewahi kuinama juu ya mchanga uliopangwa mezani kwa mfano wa vilima na mito atautambua. Kutoka kwa michezo ya vita iliyofuata, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mwaka 1974 mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Humo mchezaji haongozi kikosi, bali huchukua nafsi ya mtu mmoja, akasema na kutenda kwa jina lake, huku msimulizi akiongoza hadithi. Wazee wa Rwanda hawatalistaajabia hilo. Katika kubandwa, aliyeingizwa alichukua nafsi ya mmoja wa imandwa, wenzi wa Ryangombe, na kwa muda ule hakuitwa tena kwa jina lake la nyumbani.

Katika mchezo huo wa Wamarekani yumo kasisi, naye ni mtu wa vita. Huponya majeraha, hufukuza wafu wanaotembea, hugeuza fimbo kuwa nyoka, hupasua maji yakawa njia, huita wadudu wakaangamiza mashamba. Kila aliyepita chuoni au kanisani anajua mambo hayo yametolewa wapi: ni ishara za Nabii Musa mbele ya Firauni. Lakini zimeondolewa kwa Musa, zimeondolewa kwa Mola aliyemtuma, zikawekwa katika orodha pamoja na kiasi cha madhara. Kasisi hazitumii kwa kuwa ametumwa. Huzitumia kwa kuwa ni zamu yake kutupa dadu.

Mwaka 1980 kampuni ya mchezo huo ilitoa kitabu cha miungu ya mataifa mengi: ya Ugiriki, ya Misri ya kale, ya Uhindi, ya Uchina. Uislamu, Uyahudi na Ukristo havikutiwa. (Wahindu, ambao dini yao ingali hai, hawakupewa heshima hiyo.) Hata hivyo vitu vya dini zilizoachwa nje viliingia kwa mlango wa nyuma. Yule mchawi mfu aliyeificha roho yake ndani ya chombo, chombo chake kwa miaka mingi kiliitwa kwa jina lile lile ambalo Wazungu huziita tefilini, yaani visanduku vya ngozi vyenye maneno ya Taurati ambavyo Myahudi hujifunga mkononi na kichwani wakati wa sala. Katika matoleo ya karibuni jina hilo limeondolewa, nasi twaona ni haki. Hata mtu wa udongo wa Wayahudi, ambaye katika hadithi za Prague aliumbwa na Rabi Loew, aliyefariki mwaka 1609, ameingia humo kama dubwana la kupigwa. Katika hadithi zenyewe jambo kubwa si misuli yake, bali ni herufi. Neno lililoandikwa katika paji la uso wake ni "kweli" kwa Kiebrania, na herufi ya kwanza ikifutwa hubaki "amekufa".

Mchezo mwingine ulijaribu njia iliyo bora. Ars Magica, uliotungwa mwaka 1987 na Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, huweka hadithi zake katika Ulaya ya karibu mwaka 1220, lakini Ulaya ambayo yale yaliyoaminiwa na watu wa wakati ule ni kweli. Humo nguvu ni za milki nne: ya Mungu, ya kuzimu, ya uchawi na ya viumbe wa hadithi. Msikiti, sinagogi na kanisa vyote vimo katika milki ya Mungu. Mahali patakatifu hupewa namba, kuanzia 1 hadi 10, na kadiri namba inavyopanda ndivyo uchawi unavyonyong'onyea hapo. Mchawi mwenye kuangusha ngome hujikwaa katika kizingiti cha msikiti mdogo. Fikra hiyo twaipenda, kwa kuwa utakatifu haukufanywa silaha mkononi mwa mchezaji. Ni mpaka.

Na mwaka ule wa 1220 haukuchaguliwa vibaya kwa dini hizi mbili. Ilikuwa miaka 16 tu tangu afariki Musa bin Maimun, mzaliwa wa Cordoba, mwanasheria wa Wayahudi na tabibu katika nyumba za wakubwa wa Salahuddin huko Misri. Yeye aliwalaumu vikali watu walioongeza majina ya malaika katika mezuza, ile ngozi yenye maneno ya Taurati inayowekwa katika mwimo wa mlango. Kwa maoni yake walikuwa wamechukua amri ya Mungu wakaifanya hirizi ya manufaa yao wenyewe. Katika karne hiyo hiyo jina la al-Buni lilikwisha kuvuma kwa elimu ya siri za herufi na majina matukufu, na kitabu kinachonasibishwa naye, Shamsu al-Maarif, waganga wa pwani ya Afrika Mashariki wanakijua mpaka leo. Kwa hiyo ugomvi kati ya amri na hirizi si ugomvi wa Mwislamu na Myahudi. Umo ndani ya kila dini, na mtunzi wa mchezo asiyeuona ataandika dini za karatasi.

Twamshauri mtunzi huyo asome kisa cha Suleiman, ambacho Wayahudi na Waislamu wote wanacho, kila mmoja kwa namna yake. Katika sura ya An-Naml, Suleiman awauliza wakuu wake ni nani atakayemletea kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa. Afriti ajitolea kukileta kabla mfalme hajainuka mahali pake. Lakini mwingine, mwenye elimu ya Kitabu, akileta kwa kupepesa jicho. Naye Suleiman, badala ya kujisifu, asema kwamba huo ni mtihani wake: atashukuru au atakufuru? Tazama jinsi vyeo vilivyopangwa. Nguvu za afriti ziko chini ya elimu, na elimu iko chini ya shukrani. Tena katika sura ya Sabaa, Suleiman afariki akiwa ameegemea fimbo, na majini waendelea kutumika kwa hofu mpaka mdudu aile fimbo na maiti aanguke. Ni mchezo gani wa dadu uliowahi kutunga mlinzi aliyeshikwa zamu namna hiyo?

Manabii wenyewe wasiigizwe. Waislamu walio wengi hawakubali mtu kuchukua nafsi ya Mtume, na mtunzi mwenye adabu atawaacha manabii nje ya meza.

Lakini hata mchezo ule bora una mahali unapokwama, na Cyangugu yapajua mahali hapo kuliko kitabu chochote. Mwezi wa Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia parokia za Nyamasheke, Shangi na Mibirizi, na kanisa kuu la Cyangugu. Walikwenda huko kwa kuwa katika machafuko ya miaka ya nyuma waliokimbilia kanisani waliokoka. Safari hii maelfu waliuawa katika parokia hizo. Waliokuwa katika kanisa kuu walihamishiwa uwanja wa Kamarampaka, na huko baadhi yao waliitwa kwa majina, wakatolewa, wakauawa. Katika Ars Magica namba ya mahali patakatifu humzuia mchawi na shetani, lakini mtu mwenye panga haimzuii. Wakati huo huo wapo Waislamu wa Rwanda waliowaficha majirani zao majumbani, ingawa wapo pia walioshiriki katika kuua. Kuta za nyumba zile hazikuwa na baraka ya kanisa wala ya msikiti. Aliyefunga mlango ndiye aliyekuwa na katazo moyoni.

Katazo hilo limo katika vitabu vyote viwili. Sura ya Al-Maida yasema kwamba wana wa Israeli waliandikiwa hukumu ya kuwa amwuaye mtu mmoja pasipo haki ni kama ameua watu wote. Na katika Mishna ya Wayahudi, maonyo yenye maana hiyo hayakuwekwa kwa ajili ya ibada. Waliambiwa mashahidi wa kesi ya kifo kabla hawajafungua vinywa vyao mahakamani. Polisi aliyewahi kuandika maelezo ya shahidi ataelewa kwa nini.

Kwa hiyo, ikiwa siku moja vijana wa kambi watakaa na dadu zao na kutaka hadithi ya askari wa zamani, msimulizi wao anayo mambo ya kutosha bila ya kurusha moto. Awape Wayahudi wa siku za Antioko, karibu mwaka 167 kabla ya Kristo, waliokataa kupigana siku ya Sabato wakauawa wapatao 1,000, na baraza la Matathia lililokaa baadaye kuamua kwamba kujihami siku hiyo kunaruhusiwa. Awape pia sala ya hofu, kama ilivyoamriwa katika aya ya 102 ya sura ya An-Nisaa. Jeshi hugawanyika mara mbili. Kundi moja husali na silaha zao, na jingine hulinda nyuma yao; kisha lile ambalo halijasali huja likasali. Ruhusa ya kuweka silaha chini ipo, kwa mvua au kwa ugonjwa, lakini tahadhari haiachwi. Dadu na zitupwe hapo, adui akiwa karibu, kundi la kwanza limesujudu na la pili likitazama gizani.