Hadithi ya maneno 30: Mtoto akiandika ukweli, mzazi usome vipi?

Mzazi uliyefanya mtihani wa KCPE, huenda bado unakumbuka mwanzo wa insha ulioukariri: jogoo la kwanza liliwika, jua likachomoza kwa madaha, nawe ukaamka ukiwa buheri wa afya. Ulikuwa na dakika 40 tu, na misamiati ya kukariri ilisaidia kujaza karatasi.

Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mazoea hayo hayakuondoka nao. Mtoto anayeishi kwenye ploti ya ghorofa tano bado anaandika kuhusu jogoo ambaye hajawahi kumsikia.

Kuna zoezi dogo la darasani linalosaidia kuvunja mazoea hayo. Mwalimu huwapa wanafunzi dakika chache na sharti moja: andika hadithi kamili isiyozidi maneno 30. Lazima awepo mtu, jambo limtokee, na kitu kibadilike kabla ya nukta ya mwisho. Kwa mfano, mtoto wa gredi ya sita anaweza kuandika hivi:

“Baba hutoka kabla sijaamka. Hurudi nimeshalala. Jana niliweka daftari juu ya viatu vyake, ukurasa wenye alama zangu. Asubuhi viatu havikuwapo. Daftari lilikuwapo. Chini ya alama aliandika: kesho nitakuamsha tunywe chai.”

Hesabu, ni maneno 30. Hakuna jogoo wala madaha, kwa sababu hakuna nafasi. Mtoto amelazimika kuchagua. Hajasema “nilihuzunika”, lakini viatu vimesema. Kiswahili nacho kimemsaidia: neno moja, “nitakuamsha”, limebeba anayeamsha, anayeamshwa na wakati.

Zoezi hili humfaa hasa mwanafunzi anayeogopa ukurasa mtupu. Asiyethubutu kuandika kurasa mbili huthubutu mistari mitatu. Si jambo la kitoto pia. Vitendawili vyetu vimebeba mengi kwa maneno machache tangu zamani, na mwaka 1959 mwandishi Augusto Monterroso wa Guatemala alichapisha hadithi ya maneno saba tu ambayo ingali inasomwa. Mtaala wa umilisi nao umeweka ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi.

Lakini mtihani wenyewe huanza daftari linapofika nyumbani. Baba akisoma hadithi kama ile anaweza kuona ameshtakiwa: “Kumbe unaenda kusema mambo ya nyumba yetu shuleni?” Swali hilo moja linatosha. Wiki ijayo mtoto atamrudia jogoo wake, kwa sababu jogoo hamletei matatizo. Mzazi mwingine atachukua kalamu nyekundu na kuanza kusaka herufi kubwa zilizosahaulika. Mtoto atajifunza kwamba alichosema hakina maana, ila alivyokiandika tu.

Kwanza, soma kwa sauti. Mwambie ni wapi pamekugusa. Kisha uliza swali ambalo kila msimulizi hulipenda: “Halafu?” Makosa ya tahajia yatasubiri hadi mwisho.

Kumbuka pia kwamba hadithi si ushahidi. Mtoto ana haki ya kubuni. Lakini ikiwa hadithi zake zinarudia hofu, kupigwa au mtu mzima anayemtisha, usimhoji kama polisi. Keti naye, msikilize bila kumkatiza, kisha zungumza na mwalimu wake wa darasa. Ukihitaji ushauri zaidi, nambari ya simu ya watoto nchini Kenya ni 116, na haitozwi malipo.

Jumapili hii baada ya chakula, jaribuni nyumbani. Kila mtu achukue karatasi, mzazi akiwemo. Chagueni kitu kimoja kilichomo ndani ya nyumba: sufuria, ufunguo, sare ya shule. Andikeni, hesabuni maneno, kateni yaliyozidi, kisha kila mmoja asome yake. Asilazimishwe asiyetaka kusoma.

Na usimwachie mtoto peke yake kusema ukweli. Yule baba wa viatu naye ana maneno 30 ya kuandika, labda kuhusu kutoka alfajiri, akasimama kidogo mlangoni akimtazama mtoto aliyelala.