Heshima si Kunyamaza



Wazazi wakija mkutanoni shuleni, kuna swali ambalo halikosi. Mmoja atasimama aulize: "Nyinyi watu wa kanisa, hivi vipindi vya uhusiano mwema ni vya nini? Mnawafundisha watoto mambo ya watu wazima?" Swali hilo ni la haki kabisa. Mzazi amempeleka mwanawe shule ya Kikristo akitaka asome, amjue Mungu na awe na adabu. Wazazi wengi hapa visiwani ni Waislamu, nao wametuletea amana yao wakituamini. Wakisikia neno "uhusiano" wanashtuka. Kwa hiyo nimeona nieleze humu, polepole, tunachofundisha na kwa nini.

Masomo yenyewe si mengi. Yamo ndani ya somo la dini, yamo katika kipindi cha PPI cha kila wiki, na yamo katika stadi za maisha, ambazo Wizara ya Elimu iliziingiza shuleni mwaka 2008 na ambazo sasa zimechanganywa katika mtaala wa umilisi ulioanza nchi nzima mwaka 2019. Mtoto hufundishwa kutambua hisia zake, kuomba radhi na kusamehe, kuchagua rafiki, kukataa jambo baya, na kumwambia mtu mzima anapoumizwa. Hayo manne ya kwanza hayana ubishi. La tano ndilo lenye kazi, maanake linagusa namna tunavyolea watoto huku kwetu.

SIRI YA NANI?

Sisi watu wa Pwani tunajivunia heshima. Mtoto mwema ni yule anayeamkia wakubwa, asiyejibizana, asiyetoa mambo ya nyumbani nje. Mimi sina ugomvi na hayo, na wanangu nimewalea hivyo hivyo. Lakini hebu yatazame kwa jicho la mtu anayetaka kumdhuru mtoto. Mtoto aliyefunzwa kutii kila mkubwa na kuficha kila jambo ndiye anayempata kwa urahisi. Na mara nyingi mwenye kudhuru si mgeni aliyeshuka jetini na begi lake. Ni ndugu, ni jirani, ni mtu wa kuaminika, anayejua baba yuko baharini mpaka lini na mama anarudi saa ngapi kutoka kazini.

Hata lugha yetu inamsaidia. Tunasema "sehemu za siri". Mtu mzima anaelewa kwamba ni sehemu za kusitiriwa. Mtoto wa miaka sita analichukua neno kama lilivyo: siri ni jambo lisilosemwa. Basi akiguswa huko, na aliyemgusa akamwambia "hii ni siri yetu mimi na wewe", kwake yeye mambo yanalingana kabisa. Ndiyo sababu tumewaomba walimu waseme "sehemu za faragha", na wawafundishe watoto majina yenyewe, uume, uke, matako, bila kunong'ona. Siku ya kwanza darasa zima hucheka, na mwalimu mwenyewe hutoka jasho. Baada ya wiki mbili hakuna anayecheka. Kwani majina hayo watoto si wanayajua tayari, tena kwa matusi ya mtaani? Sisi tunawapa yale safi. Faida huonekana siku ya haja: mtoto anayesema "alinishika huku" mbele ya daktari au askari anaweza kueleweka vingine, lakini anayetaja jina anaeleweka.

Kisha tunawaeleza kwamba siri ni za namna mbili. Kumfichia mama leso aliyonunuliwa ya Krismasi au ya Idi ni siri yenye mwisho wake. Siku ikifika kila mtu atafurahi. Siri ambayo mkubwa anasema usimwambie mtu milele, na ukiibeba tumbo linakuuma, hiyo si ya mtoto. Aende akaitoe kwa mtu mzima mwingine.

Vivyo hivyo haya na aibu. Haya ni kitu chema, ndiyo inayomfanya mtoto afunge mlango akioga. Aibu ni ya mtu aliyetenda ubaya. Mtoto aliyeonewa huichukua aibu ya mwenye kumwonea akaivaa yeye, na sisi wakubwa tunamsaidia kuivaa tukimwambia, "Nyamaza mwanangu, usitufedheheshe."

SAMWELI NA TAMARI

Kwa watoto wa gredi ya 3 na ya 4 tunatumia hadithi ya Samweli. Kijana alikuwa akikaa chini ya mzee Eli, na usiku Mungu akampa habari nzito juu ya nyumba ya Eli huyo huyo. Asubuhi aliogopa kuisema. Ni Eli mwenyewe aliyemhimiza asimfiche kitu, akaisikiliza mpaka mwisho. Watoto hawakosi kuuliza: "Na kama Eli angekasirika?" Hapo mwalimu asikwepe. Tunawafundisha wahesabu kwa vidole vya mkono mmoja watu wazima watano wanaowaamini, na wote wasiwe wa nyumba moja. Wa kwanza akikasirika au akikataa kuamini, mtoto anakwenda kwa wa pili. Tumeona watoto wengine wanafika kidole cha pili wanakwama. Hilo pekee linamwambia mwalimu jambo.

Hadithi ya Tamari, binti wa Daudi, hatuwapi watoto wadogo. Tunaisoma na wazazi na walimu kwenye semina. Alinajisiwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Absalomu akamwambia anyamaze. Daudi akakasirika, lakini hakufanya kitu. Miaka miwili baadaye Amnoni aliuawa, na nyumba nzima ikavurugika. Wazee husikiliza kimya hadithi hii, kwa sababu kila mmoja anajua nyumba mtaani kwake.

KANISA NA WAZEE WETU

Wapo Wakatoliki wanaosema mambo haya Kanisa limeyakataza. Si kweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulitaka watoto wapewe mafundisho ya jinsia yenye busara, kulingana na umri wao. Papa Fransisko alilirudia jambo hilo kirefu katika waraka wake juu ya familia, Amoris Laetitia, mwaka 2016. Maaskofu wetu wa Kenya wamepinga mitaala fulani ya elimu ya jinsia kutoka nje, na sababu zao wamezieleza. Lakini kupinga mafundisho fulani si kusema mtoto asiambiwe lolote.

Wala si jambo geni hapa kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate, alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili binti yake apate mawaidha ya maisha na ndoa. Mwari naye alikuwa na somo wake wa kumfunda. Tofauti ni mbili. Mafundisho hayo yalikuja mtoto akikaribia utu uzima, na leo hatuwezi kungoja mpaka hapo. Tena yalimwelemea sana msichana: yeye ndiye aliyeambiwa avumilie, apendeze, asitiri. Sisi tunamketisha mvulana pia, tumwambie kwamba msichana akikataa amekataa, na kwamba yeye mvulana naye anaweza kuonewa. Hili la pili linawashangaza wazazi wengi. Wavulana wanadhuriwa, hata hapa mjini na ufuoni, nao husema kwa nadra zaidi kwa sababu tumewaambia mwanamume halii. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, tena mbele ya watu.

Kuhusu watoto wa Kiislamu, sheria iko wazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili wa shule, kama Kanisa, kazi ya kulea roho za wanafunzi huku akilinda imani za wengine. Kwa hiyo hadithi za Biblia ni za kipindi cha dini cha Wakristo. Mambo ya mwili, ya siri na ya vidole vitano ni ya wote. Walimu wa madrasa tuliozungumza nao hawakuona tatizo. Mmoja alitaka kujua tu kama wasichana na wavulana hukaa pamoja tunapotaja majina ya viungo. Kuanzia gredi ya 5 tunawatenganisha kwa kipindi hicho.

NA BAKORA JE?

Hapa nitasema wazi, hata kama walimu watanuna. Huwezi kumwambia mtoto kwamba mwili wake ni wake na hakuna wa kumuumiza, halafu ukachukua bakora. Adhabu ya kiboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, Katiba ya 2010 ikaweka mkazo, na Sheria ya Elimu ya 2013 ikaifanya kuwa kosa. Bado nasikia, "Ati mtoto wa huku bila fimbo hasikii." Mtoto anayemwogopa mwalimu hawezi kumweka mwalimu huyo kwenye kidole hata kimoja.

Tangu mwaka 2023 wanafunzi wa sekondari ya chini wako kwenye uwanja huo huo wa shule za msingi, kijana wa miaka 15 na mtoto wa miaka 6. Vyoo vitenganishwe, na mwalimu wa zamu azunguke nyuma ya madarasa. Mafundisho bila hayo hayatoshi.

HOFU YA WATOTO WA BARA

Upande wa bara wa kaunti yetu, afya ya moyo wa mtoto ina historia yake. Mpeketoni ilishambuliwa Juni 2014, na watu zaidi ya 60 wakauawa kwa siku mbili. Vijiji vya Widho vikapigwa Januari 2022, Juhudi na Salama Juni 2023. Mtoto wa huko anaweza kukojoa kitandani akiwa na miaka kumi, au kushtuka dirisha likigonga, na mwalimu akadhani ni mtukutu. Hatumlazimishi kusimulia. Tunampa karatasi achore, tunamwacha acheze, tunamjulisha ratiba ya siku ili ajue kinachofuata. Na tunasikiliza maneno ya uwanjani. "Nyinyi watu wa bara", "nyinyi Waislamu", "nyinyi Wakristo": haya nayo ni uhusiano, na mengi yametoka midomoni mwa wakubwa. Darasani watoto huketishwa wamechanganyika, kazi za kikundi zibadilishwe kila wiki, na tusi la kabila au dini lishughulikiwe siku hiyo hiyo.

MTOTO AKISEMA

Basi siku mtoto anakuja na kusema. Wewe mzazi au mwalimu, msikilize. Mwambie umemwamini na kwamba si kosa lake. Usimhoji mara kumi, usimuulize "ulifuata nini huko?" Kama amenajisiwa, usimwogeshe, hata kama moyo unakusukuma umsafishe. Nguo alizovaa zitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki huleta unyevu na ushahidi ukaharibika. Mpeleke hospitali mara moja: King Fahd mjini Lamu, Mpeketoni, au Faza kwa watu wa Pate. Dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi lazima ianzwe ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Kisha polisi na afisa wa watoto. Simu 116 ni ya bure, usiku na mchana. Mwalimu hana hiari: waraka wa TSC wa mwaka 2010 unamtaka aripoti ndani ya saa 24, awe mtuhumiwa ni mwalimu mwenzake au nani.

Kinachovunja kesi nyingi ni kumalizana nyumbani, wengine huita maslaha. Wazee wanakaa, mbuzi au pesa zinatolewa, mtoto haulizwi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hukumu yake ni kifungo cha maisha, na uamuzi wa kuisimamisha kesi si wa wazee wala wa familia. Nimesikia mama akisema, "Sasa nitakula wapi, na huyo ndiye anayetulisha?" Swali lake halijibiwi kwa sheria peke yake. Ndipo jumuiya ndogo ndogo zinapohitajika, kumpa unga na pa kulala kesi ikiendelea.

Tumeiomba kila jumuiya iweke pembeni nauli ya boti ya mtoto mmoja na mtu wa kumsindikiza, na ikubaliane mapema na nahodha mmoja atakayetoka hata bila abiria wengine. Maji yakikupwa kuna mikondo isiyopitika, na saa 72 huanza kuhesabiwa tangu tukio, si tangu boti ijae.